Mlango wa Mwamba

Kaka yangu alisimama mbele ya mashua, akinielekeza kwa mkono tupite wapi kati ya miamba. Mimi nilishika usukani. Wageni wetu, waliokuja kuzunguka visiwa visivyokaliwa na watu, walikuwa wanapiga picha.

"Nyoosha hivyo hivyo!" akasema. "Mchanga mtupu."

Nikaona doa la kahawia chini ya maji, pana kama meza, likitujia.

"Kaka, una hakika?"

"Mdogo wangu, umeanza lini kunifundisha bahari?"

Nikakata usukani kwa nguvu zangu zote. Mwamba ukaukwaruza ubavu wa mashua, mkwaruzo mrefu niliousikia hadi kwenye meno. Wageni wakapiga mayowe, kisha wakacheka, wakidhani ndiyo raha yenyewe ya safari.

Kaka hakucheka. Alikuja nyuma akipapasa kamba, akakanyaga mguu wa mgeni mmoja, akaomba radhi upande usio na mtu.

"Huoni," nikamnong'oneza.

"Naona mwanga tu. Tafadhali, wasijue."

Upepo ulitusukuma. Mlango wenyewe, upenyo wa kupita kati ya miamba, ulikuwa bado mbele, mwembamba, povu huku na huku, na hapakuwa tena na nafasi ya kugeuza. Nikauchukua mkono wake, ulionifundisha kazi hii, nikauweka juu ya usukani.

"Shika wewe. Macho nitakuwa mimi."

Nikaruka miguu ya wageni hadi mbele.

"Kushoto, kaka! Kushoto!"

Mashua ikageuka kabla sijamaliza neno la mwisho.