Daftari la Sukari

Vidole vya mama vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Binti alivigeuza kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Mwezi mzima daftari la kliniki limejaa namba nzuri za sukari, sita, tano na nusu, sita tena, na hapa hapana tundu hata moja. Na kile kidonda cha mguuni, mbona hakifungi?

"Mama, unajitoboa wapi?"

"Popote. Umekuwa askari wa forodha, mwanangu?"

Pembeni, baba alikuwa akinawa mikono kwa limau kutoa grisi ya gereji. Ghafla akafyonza hewa kwa meno, kisha akaficha mkono mgongoni. Binti akamfuata, akaukunjua. Ncha za vidole zilijaa vitone vyeusi.

"Kumbe damu ni yako, baba."

"Muulize mamako. Mimi nachotwa tu kama kisima."

Mama akainama. "Namba zikipanda watanianzishia sindano za insulini. Nitavukaje mpaka na mabomba ya sindano mkobani? Wale mabwana wa forodha watanimwagia mzigo chini, waniite mla unga mbele ya wateja wangu."

"Daktari atakuandikia cheti, utawaonyesha. Lete mkono."

Mama akautazama mguu wake wenye bandeji. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto. Sindano ikagonga, tone likapanda, mashine ikaanza kuhesabu sekunde. Tano, nne, tatu.

Baba akageukia ukuta asiione namba.