Mluzi wa Siwema

Siku hizi mtu akiandikiwa vidonge vya wasiwasi na sonona, nyumbani kwake hufungwa spika ndogo. Kama vidonge hivyo vinayafanya masikio yake yapige mluzi, mluzi huo husikika sebuleni, ili asiteseke peke yake. Ndiyo sheria. Wa Siwema ulikuwa mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Majirani walisimama kwanza barazani wakausikiliza. Ukiwa juu, waliondoka zao bila kupiga hodi. Mumewe, Kibwana, aliuimba kwa pua akisukuma chapati.

Asubuhi moja, baada ya daktari kumbadilishia vidonge, Siwema aliamka akakuta masikio yake kimya. Hakuamini. Aliyaziba, akayazibua. Kimya. Akaenda sebuleni; spika nayo ilikuwa kimya. Akaichomoa ukutani, akazunguka nayo nyumba nzima akionja sauti ndogondogo alizokuwa amezisahau: ufagio wa jirani, mafuta yakichachatika, kanga yake mwenyewe ikiburuzika sakafuni.

"Kumbe nyumba yetu ina maneno hivi!" alisema akicheka, akiingia jikoni.

Kibwana alikuwa akigeuza chapati, uso ameukunja.

"Pole, mke wangu. Leo umeamka vibaya?"

"Mimi? Mbona mzima kabisa!"

"Usinifiche, nausikia mluzi wako. Haujawahi kupanda hivi. Hebu nenda kaipunguze ile spika kidogo, kichwa kinaniuma."

Siwema akatazama mkono wake. Spika ilikuwa humo, waya ukining'inia.