Kalamu Yenye Alama za Meno

"Laki tatu? Kijiti hiki?" Bi Kuruthumu aliinyanyua kalamu kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Kwa laki tatu napata mbuzi wawili, na mbuzi wanazaa."

"Si kijiti, ni kalamu ya wino," alisema Mzee Gharib. "Nimeiandikia miaka thelathini na moja pale stesheni. Behewa halikuondoka Kigoma bila hiyo."

"Sasa mimi nina behewa gani?"

Elikana, fundi saa, aliletwa na bodaboda kutoka Kigoma mjini dakika kumi tu zilizopita, aje Ujiji aseme bei ya haki. Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo, naye hakuuliza. Alifungua kopo lake la vifaa barazani, katikati ya Bi Kuruthumu, mwuza vitenge, na Mzee Gharib, karani mstaafu wa reli. Athumani, kaka yake Bi Kuruthumu, alisimama mlangoni akitazama saa. Pembeni walikaa wazee wawili wakinywa kahawa, wakionekana hawana kazi nyingine duniani.

"Fundi, usimwonee mtu haya," alisema Bi Kuruthumu. "Mwaka wa themanini na nne mimi niliahidiwa cherehani. Aliyeahidi amekufa, Mungu amrehemu, na cherehani sijaiona mpaka leo. Safari hii nataka kitu mkononi, na nijue thamani yake kabla sijatamka neno."

Elikana aliona ana haki. Akaweka kioo jichoni. Ncha ilikuwa ya dhahabu kweli, karati kumi na nne. Kimpira cha ndani cha kunyonyea wino kilikuwa kimekauka na kupasuka. Kwenye kifuniko kulikuwa na vishimo vidogo vidogo.

"Hivi ni nini, mzee?"

"Meno yangu. Enzi nilipokuwa nayo."

"Punguza ya meno," alisema Bi Kuruthumu.

"Naongeza kasha lake," Mzee Gharib alisema haraka. "Na wino, chupa nzima."

Elikana alisikitika kimoyomoyo. Hajapata kuona muuzaji mbovu namna hii. Kalamu yenyewe haitazami hata kidogo. Macho yote yako kwa mnunuzi, kama anaogopa atanyanyuka aende zake.

Harufu ya pilau ilitoka uani. Elikana akapiga hesabu zake. Mwaka jana Mzungu mmoja aliyekuja kuona sokwe wa Gombe alimpa laki mbili kwa kalamu isiyo na hata chembe ya dhahabu. Sasa akitaja bei ya chini, hawa watashindwana, na yeye ataiokota kwa bei ya mchicha.

Akafungua kinywa. Bi Kuruthumu akamkazia jicho la mama aliyekuta sukari imepungua.

"Laki mbili na nusu," alisema Elikana, na ilikuwa kweli. "Meno nimeshayatoa, kimpira nimekitoa. Mkishindwana, naichukua mimi, sasa hivi." Akashika simu, tayari kutuma.

Bi Kuruthumu aliitazama ile simu, kisha akamgeukia Mzee Gharib.

"Fundi anakupa laki mbili na nusu. Unamuuzia?"

"Fundi?" Mzee Gharib alishangaa kama aliyeulizwa kama anauza mguu wake. "Hata akitoa milioni, huyo simpi."

Elikana akajua biashara imekufa; mnunuzi gani atamvumilia mzee wa namna hii? Lakini Bi Kuruthumu aliichukua kalamu, akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Nimeridhika," alimwambia kaka yake. "Fanya upesi, pilau itashika chini."

Elikana akangoja kuona noti. Hazikutoka. Athumani aliketi mkekani, uso kwa uso na Mzee Gharib, akamshika mkono wa kuume. Wale wanywa kahawa wawili wakaweka vikombe chini, wakasogea wasikie vizuri.

"Gharib," alisema Athumani, "nakuozesha dada yangu Kuruthumu, kwa mahari ya kalamu moja ya wino."

"Na kasha," alisema Bi Kuruthumu.

"Na kasha," alisema Mzee Gharib. "Nimekubali kumuoa."