Diski ya Akiba

Zamoyoni alipofungua tu kifuniko cha chini cha laptopu, harufu ya bigijii ya ndizi ilimpanda puani.

"Zamani ilikuwa inawaka kabla sijakaa vizuri," alisema Mwalimu Mashavu, mwenye mashine. "Sasa nachemsha chai, nakunywa, bado inazunguka tu."

Zamoyoni aliitafuta ile diski ndogo ya akiba, inayoweka karibu vitu vinavyotumika kila mara. Mahali pake palikuwa na kipande cha boksi la dawa ya mswaki, kimegandishwa kwa bigijii iliyotafunwa. Aliibandua. Ilivutika kama kamasi, ikamnata kidoleni, alama za meno ya mbele zikionekana wazi, na katikati yake pengo.

"Kuna fundi aliwahi kuifungua?"

"Mmoja tu, kule stendi. Nilipomwambia diski ya akiba haionekani, alicheka. Akasema akiba ni akiba, kama tairi. Utaikumbuka siku ya pancha."

Maneno hayo Zamoyoni aliwahi kuyasikia, akayacheka.

"Hamjambo humu?" Fundi Kondo, mzee aliyemfundisha kazi, alikuwa amesimama mlangoni kumjulia hali kama kila siku.

"Ndiye huyu!" Mwalimu alifurahi.

Mzee alitabasamu, pengo lake la mbele likaonekana. Alifungua bigijii mpya, akaikata katikati kwa meno, kisha akamnyooshea Zamoyoni nusu yake iliyolowa mate.

"Chukua, mwanangu."