Vyura wa Jikoni

Asubuhi Mwanakheri alikuta vyura wadogo wa manjano wameng'ang'ania mtungi wa maji jikoni kwake. Vyura hao waliishi kwenye chemchemi ya mlimani, penye ukungu. Mjini hawakuwahi kuonekana.

"Warudishe kwao, mama Rehema," mumewe alisema.

Akawatia kwenye beseni, akapanda nao mlima. Joto la miaka hii lilikuwa limeufukuza ukungu, na chemchemi imekauka hadi tope likapasuka. Mwanakheri alizungukazunguka akidhani amepotea njia. Hakuwa amepotea.

Aliinama awaachie, akasita, akainuka. Akainama tena.

"Sasa kwenu ni wapi?" aliwauliza.

Chura mmoja akamrukia mkononi, akatulia pale, koo likimpwita.