Miwani ya Kuazima

Bi Nusura alipomwona Mzee Mbwela mlangoni tena, gazeti kwapani, alitamani kumrushia nyundo. Ndiyo kwanza alikuwa amepigilia sanduku lenye miwani kuukuu mia mbili, michango ya watu wa mji kwa vijiji vya ng'ambo. Wanakamati wenzake walikuja siku ya kupiga picha. Kufunga mizigo wakamwachia yeye. Nje, dereva wa lori alikuwa akipiga honi.

"Niazime kidogo, mwanangu. Nimalizie ukurasa."

"Leo mara ya nne, mzee wangu! Kama bado unaihitaji miwani yako, ichukue moja kwa moja, uniache nifanye kazi!"

"Sadaka hairudishwi," alijibu mzee, kama aliyetukanwa. "Nimesema naazima."

Bi Nusura aling'oa misumari huku akisonya. Mzee akasoma taratibu, midomo ikichezacheza, honi ikilia. Alipomaliza, aliifuta miwani kwa pindo la kanzu, akaikunja na kuirudisha sandukuni kwa mikono miwili.

"Huna nyingine nyumbani?"

"Ningekuwa nayo, ningekuja kukusumbua?" Akanyoosha mkono. "Lete nyundo. Nimekuchelewesha, acha nifunge mwenyewe."

Akapapasa kifuniko akitafuta msumari, akaukosa, akapapasa tena. Kisha akainua nyundo juu.

Bi Nusura alishusha pumzi, akaushika msumari kwa vidole viwili, akafumba macho.