Shubiri Moja na Vidole Viwili

Mutunga alifunga vyuma viwili mbele ya usukani wa baisikeli yake ya gia, akavizungushia vipande vya godoro, kisha akalaza viwiko juu yake.

"Mwaitu, sasa nitafika Tawa bila kuumwa mgongo!" alimwambia mamake.

Mama alipima kwa mkono kutoka vidole vya mwanawe hadi kwenye breki: shubiri moja na vidole viwili.

"Na ukitaka kusimama ghafla?"

"Si nitarudisha mikono! Wewe hata kuku akikohoa unashtuka."

Akashuka mteremko akicheka, amelala vivyo hivyo kama mtu aliyeegemea meza.

Ilikuwa siku ya mnada. Kule chini, nyuma ya kona, kengele za mbuzi zilikuwa zikivuka barabara.

Mama, mkono ungali umenyooka, akatega sikio asikie breki.